Kuandaa Nyumba na Darasa kwa Mwaka Mpya wa Masomo: Mwongozo wa Wiki Kumi

Mwaka mpya wa masomo unapokaribia, maandalizi huendelea mahali pawili pasipozungumza. Nyumbani, mzazi anahesabu madaftari na kupima viatu ambavyo mtoto amekwisha kuvipita. Shuleni, mwalimu anaandika azimio la kazi, anapanga madawati, na kusubiri orodha ya majina ambayo mara nyingi humfikia siku chache tu kabla ya kengele ya kwanza. Wote wawili wanafanya kazi kwa bidii, lakini yale anayoyajua mmoja na kuhitajiwa na mwenzake hubaki yalipo.

Nilijifunza jambo hili kwa kosa langu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa tatu wa kufundisha nilikuwa na mwanafunzi niliyemhesabu kuwa mkaidi kwa karibu mhula mzima, kwa sababu nikimwita hageuki, na nikitoa maelekezo humtazama kwanza jirani yake. Nilikuwa nimemketisha mwisho wa safu, upande wa kushoto, penye dirisha, ili asiwasumbue wengine. Mama yake alipokuja kuchukua ripoti aliniuliza kwa upole kama sikuona vema kumhamishia upande wa pili, maana sikio lake la kulia halisikii tangu alipougua akiwa na umri wa miaka miwili. Yeye alidhani shule inajua. Mimi nilidhani kwamba kama kungekuwa na jambo la kujua, ningeambiwa.

Mwongozo huu, kwa hiyo, unawahusu mzazi au mlezi na mwalimu kwa pamoja, na umepangwa kwa wiki kumi: nne kabla ya shule kufunguliwa na sita baada yake. Anayeanza akiwa amechelewa asikate tamaa. Afanye hatua ya kwanza na ya tatu, na nyingine azifuate kadiri muda unavyomruhusu.

Hatua ya kwanza (wiki ya nne kabla): andikeni karatasi moja ya mtoto

Familia iandike ukurasa mmoja, usiozidi, kwa ajili ya mwalimu wa darasa. Ukurasa mmoja husomwa. Kurasa tano huwekwa kwenye jalada. Ndani yake kuwe na jina ambalo mtoto huitwa na namna linavyotamkwa. Hali ya afya inayoweza kujitokeza saa za masomo, kama vile mzio, pumu au kifafa, pamoja na dalili zake za mwanzo na hatua ya kuchukua. Hali ya macho na masikio. Lugha inayozungumzwa zaidi nyumbani. Majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto shuleni. Na namba mbili za simu ambazo kweli hupokelewa mchana. Namba ya mzazi anayefanya kazi mahali ambapo simu haziruhusiwi haifai kuwa ya kwanza, hata kama yeye ndiye anayetambulika kama mkuu wa familia.

Yafuate mambo mawili ambayo familia nyingi huyaacha. La kwanza ni mabadiliko ya karibuni: kuhama nyumba, msiba, wazazi kutengana, kuzaliwa kwa mtoto mwingine, mlezi kusafiri. Hakuna anayeomba maelezo ya ndani, sentensi moja yatosha, kwa mfano, "Bibi aliyemlea alifariki miezi miwili iliyopita na bado hulia akikumbushwa." Mwalimu aliyesoma sentensi hiyo hatamwambia mtoto asome kwa sauti insha juu ya wazee wa nyumbani mwao katika wiki ya kwanza. La pili ni kile kinachomtuliza mtoto akifadhaika, kwa kuwa mzazi amekwisha kukigundua kwa miaka mingi na mwalimu angehitaji miezi kadhaa kukipata.

Sifa na malalamiko yaachwe. "Ni mtoto mzuri sana" na "ni mtundu kupita kiasi" ni maneno yasiyomsaidia mtu kupanga lolote.

Mtoto asomewe karatasi hiyo, au aisome mwenyewe, kabla haijapelekwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, katika ibara ya 12, unampa mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni yake haki ya kuyatoa na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na sioni jambo linalomhusu zaidi ya hili. Kijana wa miaka kumi na minne anaweza kuomba jambo fulani lisiandikwe. Aheshimiwe, isipokuwa kama jambo lenyewe ni la afya au usalama wake.

Kwa upande wa shule, wajibu ni kuomba karatasi hiyo badala ya kuisubiri. Wakati huohuo mwalimu mpya wa darasa aketi nusu saa na mwalimu wa mwaka uliotangulia kwa ajili ya makabidhiano. Hapa pana hatari moja: majina ya kubandikwa hurithiwa kwa urahisi kuliko taarifa. Ukiambiwa kwamba fulani ni mvivu, uliza anafanya nini hasa. Jibu likiwa "hamalizi kazi ya kuandika inayozidi nusu ukurasa, ingawa kwa mdomo hujibu maswali yote," umepata taarifa ya kufanyia kazi, na huenda umepata pia dalili ya tatizo la kuandika ambalo hakuna aliyelichunguza.

Hatua ya pili (wiki hiyohiyo): macho, masikio na dawa

Hatua hii iwahi kwa sababu miadi ya hospitali huchukua muda, na siku za mwisho za likizo foleni huwa ndefu. Mtoto mwenye uoni hafifu wa mbali mara nyingi halalamiki, kwa kuwa hajui kwamba wengine huona tofauti; kwake ubao umekuwa na ukungu siku zote. Atazamwe kama anakunja macho, anasogea karibu na runinga, anainamisha kichwa upande mmoja au anashika kitabu karibu mno na uso. Dalili hizo zikionekana, apelekwe kupimwa kwa ubao wa herufi zinazopungua ukubwa, uliobuniwa na daktari wa macho Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862, ambao husomwa kwa kawaida kutoka umbali wa mita 6. Kubahatisha nyumbani kwa kumwambia asome maandishi ya ukutani si kipimo.

Mtoto anayetumia dawa ya kuvuta kwa ajili ya pumu awe nayo mbili, moja ya nyumbani na moja ya shuleni, kila moja ikiwa na jina lake, na tarehe za kwisha muda zikaguliwe kabla ya siku ya kufungua. Kumbukumbu za chanjo zitolewe mahali zilipo na nakala yake iwekwe pamoja na karatasi ya mtoto.

Hatua ya tatu (wiki ya tatu na ya pili kabla): rudisheni usingizi

Kama ningelazimika kuchagua jambo moja tu la kufanyika nyumbani, ningechagua hili. Mwaka 2016 wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walipendekeza saa 10 hadi 13 kwa siku kwa watoto wa miaka 3 hadi 5, usingizi wa mchana ukiwemo. Saa 9 hadi 12 kwa wa miaka 6 hadi 12. Na saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Wakati wa likizo jumla ya saa huenda ikatosha, lakini huwa zimesogea: mtoto analala usiku wa manane na kuamka jua likiwa juu. Siku ya kufungua shule anaamshwa alfajiri, na mwili wake haujui kuna habari gani.

Saa za mwili hazirudi kwa amri ya usiku mmoja. Sogezeni muda wa kulala na wa kuamka kwa dakika 15 kila baada ya siku mbili. Mtoto aliyechelewa kwa saa mbili anahitaji hatua nane za namna hiyo, yaani siku 16, na ndiyo maana kazi hii haiwezi kuachiwa wikiendi ya mwisho. Anzeni na kuamka kuliko kulala, kwa sababu mtoto anaweza kuamshwa lakini hawezi kulazimishwa kusinzia. Akiamka, mapazia yafunguliwe au atoke nje, kwa kuwa mwanga wa asubuhi ndio unaoiambia akili kwamba siku imeanza. Jioni, simu na vioo vingine vya mwanga viondoke chumbani saa moja kabla ya kulala, na vichajiwe mahali ambapo watu wote wa nyumba huweka vya kwao. Mzazi anayelala na simu kifuani atapata shida kuitetea kanuni hii.

Kwa wenye vijana, neno la kuongeza. Katika balehe, homoni ya usingizi iitwayo melatonini huanza kutoka usiku zaidi kuliko utotoni, hivyo kijana anayesema hajisikii usingizi mapema hadanganyi. Atahitaji mwanga mwingi zaidi asubuhi, wikiendi zisizozidisha saa moja ya ziada kitandani, na mzazi asiyeanza siku kwa kumwita mvivu.

Walimu nao wamelala kwa ratiba ya likizo, na mwalimu mwenye usingizi ana subira fupi. Hatua hii inawahusu pia.

Hatua ya nne: vitu

Nimeiweka ya nne kwa makusudi, kwa sababu manunuzi ndiyo sehemu rahisi zaidi na ndiyo inayotupa hisia kwamba tumekwisha kujiandaa. Pateni kwanza orodha ya shule, toeni vilivyobaki mwaka jana, kisha nunueni kinachopungua. Kila kitu kiandikwe jina. Viatu vipya vivaliwe nyumbani kwa siku kadhaa ili malengelenge yatokee kabla ya wiki ya kwanza. Begi likijazwa lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto; kwa mtoto wa kilo 30 hiyo ni kilo 3 hadi 4 na nusu, na mizani ya nyumbani itawashangaza wengi. Shule inayotoa orodha iseme wazi vipi vinahitajika siku ya kwanza na vipi vinaweza kusubiri mhula wa pili, kwa kuwa si kila familia inaweza kununua vyote kwa mara moja, na mtoto asiye na vyote asiitwe mbele ya wenzake kueleza sababu.

Hatua ya tano (wiki mbili za mwisho): amsheni kilicholala

Kusahau ni kazi ya kawaida ya akili. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilipima jambo hilo kwa kujifanyia majaribio mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885: sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea mapema, kisha upotevu hupungua kasi. Kuhusu likizo ndefu, mapitio ya tafiti yaliyoongozwa na Harris Cooper mwaka 1996 yalikadiria kwamba kwa wastani wanafunzi hurudi nyuma kiasi cha mwezi mmoja wa masomo, zaidi katika hesabu na tahajia. Watafiti wa baadaye wamebishana juu ya ukubwa wa upotevu huo, lakini mwalimu yeyote aliyewahi kuuliza jedwali la kuzidisha siku ya pili ya mwaka anajua kwamba upo.

Hata hivyo, wiki za mwisho za likizo zisigeuzwe shule. Dakika 15 au 20 kwa siku zinatosha, mradi mtoto atoe kutoka kichwani badala ya kusoma tena. Afunge daftari la mwaka jana, aandike anachokumbuka juu ya mada moja, kisha alifungue na kujisahihisha. Majaribio ya Henry Roediger na Jeffrey Karpicke ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba kujaribu kukumbuka huimarisha kumbukumbu ya siku nyingi kuliko kurudia kusoma, ingawa anayerudia kusoma hujiona ameelewa zaidi. Kwa wadogo, hadithi inayosimuliwa kwa mpangilio na hesabu zinazofanywa wakati wa kazi za nyumbani hutimiza lengo hilohilo.

Mwalimu naye asikimbilie mada mpya siku ya kwanza kwa hofu ya kuchelewa. Zoezi fupi la upimaji katika wiki ya kwanza, lisilo na alama wala nafasi ya darasani, litamwonyesha azimio la kazi lianzie wapi kwa kweli. Awaeleze wanafunzi kwamba linamsaidia yeye kupanga, ili wasilifanye kwa woga.

Hatua ya sita (wiki ya mwisho): darasa

Sasa karatasi za watoto zimefika, nazo zinapanga madawati. Anayesikia kwa sikio moja aketi mbele, sikio zima likielekea darasa na mwalimu. Asiyeona mbali aketi mbele, lakini si pembeni ambapo ubao unang'aa. Anayeandika kwa mkono wa kushoto akae mwisho wa kushoto wa dawati, la sivyo kiwiko chake kitapigana na cha jirani mwaka mzima na wote wawili watalaumiwa kwa uchezaji.

Kisha mwalimu aandike namna shughuli ndogo za darasa zitakavyofanyika: kuingia, kuomba ruhusa ya kutoka, kukusanya madaftari, kufanya nini ukimaliza kazi kabla ya wengine, kukaa kimya kwa ishara ipi. Kanuni hizi hufundishwa kama somo: huelezwa, huonyeshwa, hujaribiwa, hurudiwa. Mwalimu anayezitangaza mara moja halafu kuwaadhibu waliozisahau amefundisha vibaya somo lake la kwanza. Majina nayo yasomwe kwa sauti mapema, na yanayotatiza yaulizwe kwa familia, maana mtoto ambaye jina lake linavunjwavunjwa mbele ya darasa hukumbuka.

Nyumbani, wiki hiyo njia ya kwenda shule ipitwe angalau mara moja kwa saa ileile itakayotumika, kwa kuwa barabara ya saa nne asubuhi siyo ya saa moja. Watoto walio chini ya takriban miaka 10 hukadiria vibaya kasi na umbali wa magari, kwa hiyo wasiachiwe uamuzi wa kuvuka barabara yenye magari mengi, hata wakiwa hodari kiasi gani katika mengine.

Hatua ya saba: siku ya kwanza

Kwa anayeanza shule, kuagana kuwe kufupi na kuwe kwa uwazi. Mzazi aseme anaondoka, aseme nani atakuja kumchukua na baada ya tukio gani la siku, amkabidhi kwa mwalimu, aende. Kutoroka mtoto akiwa ameshughulishwa na michezo huonekana kumwepusha na kilio, lakini humfundisha kwamba mtu anaweza kutoweka ukigeuka, na kesho yake atamng'ang'ania zaidi. Wengi hunyamaza muda mfupi baada ya mzazi kuondoka. Mwalimu akituma ujumbe wa maneno matatu, "Ametulia sasa, anacheza," atakuwa ameokoa siku ya kazi ya mtu.

Jioni mtoto apumzike kabla ya kuhojiwa. "Umesoma nini leo?" huleta jibu la "sijui" karibu kila mara. "Uliketi na nani?" au "Mwalimu alicheka lini?" huleta habari.

Hatua ya nane (wiki mbili za kwanza): ujumbe wa kwanza uwe mwema

Katika shule nyingi mzazi husikia kutoka kwa mwalimu kwa mara ya kwanza pale jambo linapoharibika, na tangu hapo kila simu ya shule hupokelewa kwa moyo uliojikunja. Mwalimu awahi kabla ya tatizo. Kwa darasa la wanafunzi 40, ujumbe kwa familia nne kila siku ya masomo humaliza orodha kwa siku kumi. Uwe mfupi na wa jambo lililotendeka, kama "Leo alimfundisha mwenzake kugawanya bila kumpa jibu"; sifa ya jumla inayofanana kwa wote hugunduliwa mara moja wazazi wanapokutana.

Katika wiki hizo pia utaratibu wa mawasiliano ukubaliwe. Njia iwe ipi, saa zipi mwalimu anajibu na zipi hajibu, nani apigiwe kwa dharura. Kikundi cha simu cha wazazi kitumike kwa matangazo ya pamoja pekee. Mtoto asijadiliwe humo kwa jina wala kwa mafumbo, kwa kuwa mafumbo hayo hufumbuliwa na kila mtu.

Hatua ya tisa (wiki ya nne hadi ya sita): angalieni tena

Mahudhurio yatazamwe kwanza. Kukosa siku moja kila baada ya wiki mbili huonekana kidogo, lakini ni siku moja kati ya kumi, yaani asilimia 10, kiwango ambacho nchini Marekani huhesabiwa kuwa utoro sugu hata pale ambapo kila siku ilikuwa na ruhusa. Daftari la mahudhurio likionyesha kwamba siku zinazokosekana ni zilezile, kwa mfano kila Jumatatu au kila siku ya somo fulani, sababu ipo na inatafutika.

Pili, msikate tamaa na mazoea mapya. Phillippa Lally na wenzake wa London, katika utafiti wao uliotoka mwaka 2009, walikuta kwamba zoea jipya lilichukua wastani wa siku 66 kukaa, kwa wengine 18 na kwa wengine kufikia 254. Wiki sita ni siku 42. Mtoto anayehitaji bado kukumbushwa kupanga begi usiku hajashindwa.

Mwisho, mzazi, mwalimu na mtoto mwenyewe wakutane kwa dakika 15. Waulizane kinachokwenda vizuri, kinachohitaji kubadilika, na nani atafanya nini kabla ya tarehe gani, na mtoto awe wa kwanza kusema, kwa kuwa watu wazima wakitangulia atakubaliana nao. Karatasi ile ya hatua ya kwanza iwekwe mezani. Yaliyobadilika yafutwe, na aliyoyagundua mwalimu yaongezwe kwa mkono wake. Nakala moja irudi nyumbani na nyingine ibaki kwa mwalimu wa darasa, ambaye mwaka ukiisha ataikabidhi kwa mwenzake anayelipokea darasa.